Rungu Lisiloshuka

Mwaka 1898 Waingereza wawili, James Quibell na Frederick Green, walikuwa wakichimba hekalu la kale huko Hierakonpolis, kusini mwa Misri, walipokuta bamba la jiwe la kijani-kijivu lenye umbo la ngao, urefu wake sentimita 64 hivi. Kwa asili kifaa cha namna hii si cha ajabu. Wamisri walikuwa na vibao vya mawe vya kusagia rangi ya kupaka machoni, tuseme wanja, na vingi vimetoka katika makaburi ya watu ambao hata majina yao hayajulikani. Hiki hakikuwa cha kujipodolea mtu. Upande mmoja amesimama Narmer, mfalme wa miaka ya 3100 KK, jina lake limeandikwa juu kwa picha mbili, kambare na patasi. Amevaa taji refu jeupe la kusini. Mkono wa kushoto umemshika adui nywele, wa kulia umeinua rungu. Nyuma yake yupo mtumishi mdogo kama mtoto, amebeba viatu vya bwana wake, maana mfalme yuko pekupeku. Upande wa pili Narmer amevaa taji jekundu la kaskazini naye anakagua maiti kumi zilizolazwa kwa safu, kila moja kichwa chake kimewekwa katikati ya miguu. Chini kabisa fahali, ambaye ni mfalme huyo huyo kwa sura nyingine, anabomoa ukuta wa mji kwa pembe.

Kwa muda mrefu bamba hili lilisomwa kama habari ya vita: siku ambayo kusini iliishinda kaskazini na Misri ikawa nchi moja. Huenda nyuma yake yapo mapigano ya kweli. Lakini mkao wenyewe Narmer aliukuta. Katika kaburi moja la hapo hapo Hierakonpolis, lililomtangulia kwa karne kadhaa, ukuta umechorwa mtu akiwapiga mateka watatu. Tena mkao huo haukuishia kwake. Uliendelea kuchongwa kwa miaka elfu tatu, na watawala ambao maadui wao, silaha zao na hata nasaba zao hazikuwa na uhusiano wowote naye. Hoja yangu ni kwamba sanaa hii ilikuwa ikiifanya kazi ya mfalme zaidi ya kuisimulia. Kwa imani ya Wamisri, ulimwengu ulisimama juu ya maat, yaani haki na mpangilio wa mambo, na kila kukicha ulitishiwa na vurugu. Wa kuizuia vurugu hiyo alikuwa mfalme. Rungu la Narmer limeinuliwa na halijamshukia mateka mpaka leo, kwa sababu kazi yenyewe haikutarajiwa kwisha.

Ushahidi mzito kuliko wote unatoka kwa familia moja ya Kilibya. Katika hekalu la piramidi ya mfalme Sahure huko Abusir, karne ya 25 KK, mfalme anampiga mkuu wa Walibya, huku mke wa mkuu huyo na wanawe wawili wakiwa kando, na majina yao yameandikwa. Hadi hapo mtu aweza kusema: vita vilipiganwa, na hawa ndio walioshindwa. Zaidi ya miaka 200 baadaye, hekaluni kwa Pepi II, mfalme anampiga mkuu wa Walibya mbele ya mke na watoto wale wale, kwa majina yale yale. Kisha, kama miaka 1,800 baada ya Sahure, Taharqa, mfalme aliyetoka Kushi, Sudan ya leo, akajenga hekalu huko Kawa kando ya Nile, na familia ile ikachongwa tena, watoto wakiwa bado watoto. Hakuna anayeweza kuita hiyo taarifa ya vita. Ila kwa Taharqa, mgeni aliyekalia kiti cha Misri, huenda hakukuwa na njia bora ya kuwa mfalme kamili kuliko kuwashinda watu ambao wafalme wamewashinda tangu zamani.

Yupo atakayesema: basi ni uongo tu, propaganda ya kuwatisha wanyonge. Lugha yetu imekwisha kututayarisha kufikiri hivyo, kwani kwa Kiswahili kumwita mtu firauni ni kumtukana. Na kweli kuna kuta zilizotengenezwa zionekane. Ramesses II alipopambana na Wahiti huko Kadesh, mwaka 1274 KK hivi, hakuutwaa mji. Hata hivyo aliichonga vita hiyo Karnak, Luxor, Abydos na Abu Simbel, yeye akiwa mkubwa kama mlima ndani ya gari lake la farasi na maadui wakitapakaa kama siafu. Huyo alijisifu, na alijisifu mbele za watu. Lakini propaganda huhitaji watazamaji, na picha nyingi za aina hii hazikuwa nao. Hekalu la Sahure lilikuwa la makuhani. Mfano ulio wazi zaidi ni viatu vya mfalme kijana Tutankhamun, vilivyotoka katika kaburi alilolifungua Howard Carter mwaka 1922. Ni vya mbao, vimepambwa kwa ganda la mti, ngozi na dhahabu, na juu ya soli, pale mguu unapokanyaga, wamechorwa mateka wawili waliofungwa, mmoja wa Nubia na mwingine wa Asia, pamoja na pinde za maadui. Mfalme akishavaa, picha imefunikwa na unyayo wake mwenyewe. Hakubaki wa kutishwa. Kila hatua ya kijana yule ilikuwa ushindi, aonekane asionekane.

Pingamizi la pili ni la kisomi zaidi: mafundi walinakili kwa mazoea, nasi tunaona imani palipokuwa na uvivu. Mazoea yalikuwepo, tena ya kupimwa kwa kamba. Walichora kwanza miraba ukutani, na mtu aliyesimama alipewa miraba 18 kutoka unyayo hadi mpaka wa nywele. Mwili wa mfalme ulikuwa hesabu kabla ya kuwa sura. Ila mazoea hayaelezi habari za Hatshepsut. Mwanamke huyu alipotawala, katika karne ya 15 KK, alichongwa huko Deir el-Bahari akiwa na ndevu za kifalme na kifua cha kiume, huku maandishi ya pembeni yakimwita binti wa mungu Ra na kutumia viambishi vya kike, tofauti ambayo Kiswahili hakina haja nayo. Hakuna aliyedanganywa. Mwili ule ulikuwa wa cheo. Maandishi yalikuwa ya mtu. Na kama miaka 20 baada ya kifo chake, chini ya mfalme Thutmose III, mafundi walitumwa kuzikwangua picha hizo kwa patasi, nyingine kwa uangalifu kiasi kwamba umbo lake bado lasomeka kwenye kovu la ukuta. Watu hawajisumbui hivyo kwa pambo lisilofanya kazi.

Kufikia Augustus wa Roma, mambo yanakuwa karibu kichekesho. Alipoiteka Misri mwaka 30 KK alikataa hata kwenda kumwona Apis, ng'ombe mtakatifu wa Memphis, akisema amezoea kuabudu miungu, si ng'ombe. Hilo halikuwazuia mafundi. Katika hekalu la Dendur, ambalo leo limesimama ndani ya jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York, Mrumi huyo amevaa mataji ya Misri na anaitolea sadaka miungu aliyoidharau, bila kuulizwa. Na kabla yake, katika hekalu la Hathor huko Dendera, lililoanza kujengwa mwaka 54 KK wakati ukoo wa Ptolemy ukigombania kiti, wachongaji hawakuwa na hakika nani angebaki mtawala. Hawakusubiri. Walimchonga mfalme mzima, taji, mikono iliyonyooka na sadaka, wakachonga juu ya kichwa chake ile duara ndefu inayozunguka jina la mtawala wa Misri. Ndani ya duara hawakuandika kitu.