Flopi zilizopanda matatu

Wiki chache zilizopita, kiwanda kimoja cha chai huko Bureti, Kaunti ya Kericho, kiliamua kusafisha stoo. Kompyuta kuukuu zilizogeuka njano zilipangwa nje, zikapimwa kwa kilo kama majani mabichi, zikauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Karani mstaafu aliyetunza kumbukumbu za wakulima tangu miaka ya 90 alidamkia pale kuomba kitu kimoja tu: katoni ya viatu iliyojaa flopi. Mengi ya makala haya nimeyapata kwake.

Alinifungulia mashine moja kabla haijapakiwa. Ndani mlikuwa na waya bapa wa kijivu, mpana kama mkanda, wenye matundu ya sindano 40. Huo ndio uliounganisha diski kuu na ubongo wa kompyuta, na kufikia mwaka 1998 uliweza kupitisha hadi megabaiti 33 kwa sekunde, ingawa diski yenyewe haikuifikia kasi hiyo. Flopi ya megabaiti 1.44 ilisomwa kwa kilobaiti 62 hivi kwa sekunde. Waya wa mtandao wa ofisi ulikuwa wa megabiti 10, na hapa wengi hukosea: mitandao hupimwa kwa biti, diski kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo megabiti 10 ni megabaiti moja na robo tu. Modemu bora ya simu, ile ya kilobiti 56, ilitoa kilobaiti saba. Flopi, ambayo vijana wa leo huiona kichekesho, iliipita modemu karibu mara tisa.

Na kilobiti 56 zilitaka laini safi. Laini za huku zilining'inia juu ya nguzo za mbao, na Kericho mvua ya alasiri haikosi. Ikianza kunyesha, modemu hushuka hadi biti 9,600 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo flopi moja iliyojaa huchukua dakika 20, simu ikihesabiwa muda wote, na laini ikikatika dakika ya 18 karani huanza upya. Basi alifanya alivyofanya kila mtu: alitia flopi kwenye bahasha, akamkabidhi makanga wa matatu ya Kericho, akapiga simu kusema imeondoka.

CD zilipofika, matatu ikazidi kushinda. CD moja ya megabaiti 700 ikifika mjini kwa saa moja, hiyo ni kasi ya megabiti moja na nusu kwa sekunde. Modemu ya kilobiti 56 ingehitaji karibu saa 28 kuzisafirisha data hizo hizo.

Kinachomuuma mzee huyu zaidi, hata hivyo, ni ugomvi uliotokea mbali na mashamba ya chai. Miaka hiyo barua pepe ikitoka Kericho kwenda ofisi ya Nairobi inayotumia kampuni nyingine ya intaneti, haikuteremka Nairobi moja kwa moja. Ilipaa hadi setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta, ikatua Marekani au Ulaya, kisha ikapaa tena kurudi Kenya. Swali na jibu vikazidi sekunde nzima, na safari yote ikalipiwa kwa dola. Novemba 2000 kampuni za intaneti, chini ya chama chao TESPOK, zilifungua kituo cha kubadilishana data jijini Nairobi, KIXP, ili ya Kenya yabaki Kenya. Telkom Kenya ikalalamika kwamba haki ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa ni yake peke yake. Baada ya wiki mbili hivi Tume ya Mawasiliano, CCK, ikaamuru kituo kifungwe. Kampuni zikauliza: data inayoanzia Kenya na kuishia Kenya ina ukimataifa gani? Walisumbuana zaidi ya mwaka, leseni ikatolewa, na Februari 2002 KIXP ikafunguliwa tena. Muda wa jibu ukashuka hadi chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Watoto wetu wangefundishwa kisa hiki shuleni, kwa sababu hapo Wakenya walidai haki ya kuzungumza wao kwa wao bila kuzungushwa ng'ambo, wakaipata.

Yaliyofuata yanajulikana. Mikongo ya baharini TEAMS na SEACOM ilifika Mombasa mwaka 2009, mkongo wa taifa ukapanda bara, simu za mkononi zikamaliza nguzo za mbao. Hata mnada wa chai wa Mombasa umehamia mtandaoni. Lakini nyumba yenye intaneti ya megabiti 100 leo hupokea megabaiti 12 na nusu kwa sekunde, chini ya nusu ya uwezo wa ule waya bapa uliouzwa kwa kilo.

Flopi zenyewe zinakufa. Utando wake wa sumaku unachakaa, ukungu wa baridi ya huku unaingia, na visomeo vinaadimika. Sijaona makumbusho wala ofisi ya kaunti inayozikusanya, na hilo ni aibu kwetu, maana humo mna kilo za chai za watu ambao wengine wamelala makaburini.

Nyumbani kwake mzee ana kisomeo kinachochomekwa kwa waya wa USB. Alitia flopi ya kwanza, ikakwaruza, ikagoma. Ya pili ikagoma. Ya tatu ilikwaruza muda mrefu, kisha orodha ikafunguka: namba za wakulima upande wa kushoto, kilo upande wa kulia. Alishuka nayo polepole kwa kidole hadi akasimama kwenye namba ya mama yake.