Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania Bara 2016–17

Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania Bara 2016–17 ulikuwa msimu wa kwanza wa ligi ya juu ya mpira wa miguu kwa wanawake nchini Tanzania. Iliandaliwa na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF). Ilianza Novemba 2016 na kumalizika mwaka 2017. Timu 12 kutoka mikoa 10 zilishiriki, zikiwa zimegawanywa katika makundi mawili. Bingwa alikuwa Mlandizi Queens, timu ya Mkoa wa Pwani.

Kabla ya msimu huo Tanzania ilikuwa na timu ya taifa ya wanawake iliyokwisha kucheza fainali za Afrika, lakini haikuwa na ligi ya taifa ambayo wachezaji wake wangeweza kucheza mwaka hadi mwaka.

## Historia kabla ya ligi

Mpira wa wanawake katika Tanzania ni wa zamani kuliko ligi yenyewe. Mwaka 1986 timu ya wanawake ya Zanzibar ilitwaa ubingwa katika mashindano ya kwanza ya wanawake ya Baraza la Vyama vya Soka Afrika Mashariki na Kati (CECAFA). Baada ya hapo mashindano hayo hayakufanyika tena kwa miaka 30.

Kwa upande wa Bara, klabu za Dar es Salaam kama Mburahati Queens, Sayari na Evergreen Queens zililea wachezaji kwa miaka mingi. Klabu hizo zilicheza mechi za kirafiki, ligi za mkoa na mabonanza. Baadaye kulikuwa pia na Kombe la Taifa la Wanawake, ambamo timu za mikoa zilikutana kwa muda mfupi na kisha wachezaji wakarudi makwao.

Timu ya taifa ya Tanzania, inayojulikana kama Twiga Stars, ilifuzu kwa mara ya kwanza fainali za Afrika kwa wanawake mwaka 2010 nchini Afrika Kusini. Kocha wake alikuwa Charles Boniface Mkwasa na nahodha wake Sophia Mwasikili. Ilifungwa mechi zote tatu za kundi: 1–2 na Afrika Kusini, 2–3 na Mali, na 0–3 na Nigeria. Twiga Stars ilishiriki pia Michezo ya Afrika ya mwaka 2011 huko Maputo na ya mwaka 2015 huko Brazzaville.

Tatizo kubwa lilikuwa nafasi ya kucheza. Mchezaji aliyeitwa kambini alicheza mechi ngumu kwa wiki chache, kisha akakaa miezi mingi bila mechi yoyote ya ushindani. Kocha wa taifa naye alilazimika kuchagua wachezaji kwa kuwajua au kwa kusikia habari zao, kwa kuwa hapakuwa na mechi za kila wiki za kuwatazama.

Mnamo Septemba 2016 CECAFA ilirudisha mashindano ya wanawake huko Jinja, Uganda. Timu ya Tanzania Bara, iliyoitwa Kilimanjaro Queens, ilikuwa chini ya kocha Sebastian Nkoma. Iliifunga Rwanda 3–2, ikatoka sare ya 0–0 na Ethiopia, ikaishinda Uganda, mwenyeji wa mashindano, 4–1 katika nusu fainali, na hatimaye ikaifunga Kenya 2–1 katika fainali ya tarehe 20 Septemba. Hivyo Tanzania Bara ikawa bingwa wa ukanda kabla ya kuwa na ligi. Uganda iliyofungwa katika nusu fainali ilikuwa na ligi yake ya juu ya wanawake tangu msimu wa 2014–15.

Ligi ya Tanzania ilianza wiki chache tu baada ya ubingwa huo.

## Timu zilizoshiriki

Makundi yalipangwa kwa kufuata jiografia. Kundi A lilikuwa na timu za mikoa ya pwani ya Bahari ya Hindi, kuanzia Tanga hadi Mtwara. Kundi B lilikuwa na timu za bara, kuanzia Iringa hadi Kagera.

| Kundi A | Mkoa | Kundi B | Mkoa |
|---|---|---|---|
| Mlandizi Queens | Pwani | Marsh Academy | Mwanza |
| JKT Queens | Dar es Salaam | Baobab Queens | Dodoma |
| Mburahati Queens | Dar es Salaam | Majengo Women | Singida |
| Evergreen Queens | Dar es Salaam | Sisters FC | Kigoma |
| Fair Play | Tanga | Panama FC | Iringa |
| Viva Queens | Mtwara | Kagera Queens | Kagera |

Orodha hii inaonyesha hali ya mpira wa wanawake wakati huo. Simba na Yanga, klabu mbili kubwa zaidi za nchi, hazikuwemo. Nyingi kati ya timu zilizokuwemo zilikuwa timu za mtaa, za mji mdogo au za vituo vya kukuza vipaji. Marsh Academy ya Mwanza ilikuwa na jina la Sylvester Marsh, kocha aliyewahi kuwa msaidizi katika timu ya taifa ya wanaume Taifa Stars na ambaye alifariki mwaka 2015. JKT Queens ni timu ya Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa hiyo ilikuwa na taasisi kubwa nyuma yake.

Mikoa mingi haikuwa na timu. Morogoro, kwa mfano, haikuwakilishwa, ingawa ni mkoa wenye sifa katika mpira wa wanaume: Mseto ya Morogoro ilikuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1975, na Mtibwa Sugar ya Turiani ilitwaa ubingwa mwaka 1999 na 2000.

## Mfumo wa mashindano

Kila timu ilicheza na timu nyingine tano za kundi lake, nyumbani na ugenini. Ushindi ulikuwa na pointi tatu na sare pointi moja, kama ilivyo katika ligi nyingine. Timu tatu za juu za kila kundi ziliingia katika hatua ya pili iliyoitwa *Sita Bora*, na hapo ndipo bingwa alipopatikana.

Sababu ya kutumia makundi ilikuwa umbali. Tanzania Bara ni nchi pana, na timu ikisafiri kwa basi kutoka Bukoba hadi Iringa huenda zaidi ya kilomita 1,000. Kama timu zote 12 zingekutana nyumbani na ugenini, kila moja ingecheza mechi 22 na kuvuka nchi mara nyingi. Kwa mfumo wa makundi, hatua ya kwanza ilikuwa na mechi 10 tu kwa kila timu. Hata hivyo safari za Kundi B zilibaki ndefu, kwa kuwa Kigoma, Kagera, Mwanza na Iringa ziko mbalimbali.

Mfumo huu ulikuwa na upungufu wake. Timu zilizoshindwa kuingia Sita Bora zilimaliza msimu mapema, na timu za makundi tofauti hazikupimana nguvu mpaka hatua ya mwisho.

## Bingwa

Mlandizi Queens ilitwaa ubingwa wa kwanza wa ligi. Mlandizi ni mji mdogo wa Mkoa wa Pwani, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam–Morogoro, karibu na mto Ruvu ambao chanzo chake ni milima ya Uluguru. Wapenzi wa mpira waliujua mji huo kwa sababu ya uwanja wa Mabatini, uliotumiwa na timu ya wanaume ya Ruvu Shooting katika Ligi Kuu.

Ushindi wa timu ya mji mdogo si jambo la kawaida katika historia ya mpira wa Tanzania. Ligi ya taifa ya wanaume ilipoanza mwaka 1965, bingwa alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam, ambayo leo ni Simba. Ilichukua miaka kumi, hadi ushindi wa Mseto mwaka 1975, kwa kombe hilo kwenda kwa klabu isiyokuwa ya Dar es Salaam. Kwa wanawake, kombe la kwanza kabisa lilikwenda nje ya jiji hilo.

Mlandizi Queens haijarudia ubingwa huo tangu wakati huo.

## Misimu iliyofuata

Ligi ilipata mdhamini baada ya msimu wa kwanza, ikajulikana kwa muda kama Ligi Kuu ya Wanawake ya Serengeti Lite. Baadaye mfumo wa makundi uliachwa, na timu zote zikawa zinacheza katika ligi moja, nyumbani na ugenini.

JKT Queens ilitwaa ubingwa mara mbili mfululizo. Kisha klabu kubwa za wanaume zikaingia kwa nguvu: Simba Queens ilichukua ubingwa mara tatu mfululizo, na Yanga Princess ikawa miongoni mwa washindani wake. Kuanzia 2017–18 hadi 2024–25, ubingwa ulikwenda kwa JKT Queens au Simba Queens tu.

Mabingwa wa ligi:

- 2016–17: Mlandizi Queens
- 2017–18: JKT Queens
- 2018–19: JKT Queens
- 2019–20: Simba Queens
- 2020–21: Simba Queens
- 2021–22: Simba Queens
- 2022–23: JKT Queens
- 2023–24: Simba Queens
- 2024–25: JKT Queens

Kuingia kwa klabu kubwa kumeleta faida na hasara. Mechi za Simba Queens na Yanga Princess huvuta mashabiki na vyombo vya habari, na wachezaji hupata mishahara na mikataba. Kwa upande mwingine, timu ndogo zilizojenga ligi katika msimu wa kwanza hupata shida kuwazuia wachezaji wao bora wasiondoke, na pengo la uwezo kati ya timu za juu na za chini limeonekana katika matokeo ya mabao mengi.

## Matokeo yake kwa mpira wa Tanzania

### Klabu barani Afrika

Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilianzisha Ligi ya Mabingwa ya Wanawake mwaka 2021. Kwa kuwa na ligi ya taifa, Tanzania ilikuwa na bingwa wa kumpeleka. Mwaka 2022 Simba Queens ilishinda mashindano ya kufuzu ya ukanda wa CECAFA jijini Dar es Salaam na kufika fainali za Morocco, ambako ilimaliza nafasi ya nne. Mwaka 2023 JKT Queens ilifuzu fainali za Côte d'Ivoire lakini haikuvuka hatua ya makundi.

### Timu za taifa

Kilimanjaro Queens ilitetea ubingwa wake wa CECAFA mwaka 2018 jijini Kigali. Mwaka 2021 Twiga Stars ilialikwa katika mashindano ya COSAFA ya nchi za kusini mwa Afrika, ikatwaa kombe kwa kuifunga Malawi 1–0 katika fainali kwa bao la Enekia Kasonga.

Mwaka 2022 timu ya wasichana chini ya miaka 17, Serengeti Girls, iliitoa Cameroon na kufuzu Kombe la Dunia nchini India. Ilikuwa timu ya kwanza ya mpira wa miguu ya Tanzania kufika Kombe la Dunia la FIFA katika rika lolote. Chini ya kocha Bakari Shime ilifungwa 4–0 na Japan, ikaishinda Ufaransa 2–1, ikatoka sare ya 1–1 na Kanada na kuingia robo fainali, ambako ilitolewa na Kolombia kwa 3–0. Wachezaji hao walikuwa watoto wa shule ya msingi wakati ligi ilipoanza. Walikua wakijua kwamba kuna ligi ya kuifikia.

Twiga Stars ilirudi katika fainali za Afrika, zilizochezwa Morocco Julai 2025, ikafungwa 1–0 na Mali, ikatoka sare ya 1–1 na Afrika Kusini na kufungwa 4–1 na Ghana. Kati ya fainali zake za kwanza na hizi ilikuwa imepita miaka 15.

### Wachezaji nje ya nchi

Ligi imekuwa pia njia ya wachezaji kwenda nje. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess kwenda BK Häcken ya Sweden mwaka 2022, na mwaka 2024 akajiunga na Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga alipitia Yanga Princess kabla ya kucheza Hispania na kisha Al Nassr ya Saudia. Opah Clement wa Simba Queens alikwenda kucheza Uturuki, ikiwemo klabu ya Beşiktaş.

## Kulinganisha na nchi nyingine

Japan, iliyoifunga Serengeti Girls mwaka 2022, ilianzisha ligi yake ya wanawake mwaka 1989 ikiwa na timu 6 tu, nusu ya zile za Tanzania mwaka 2016. Miaka 22 baadaye, mwaka 2011, timu yake ya wanawake ilitwaa Kombe la Dunia.

## Tazama pia

- Twiga Stars
- Simba Queens
- JKT Queens
- Ligi Kuu Tanzania Bara
- Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania