Vielekezi na ingizo: Penye kikwazo kwa anayeanza kujifunza lugha ya C

KIJANA wa Mathare anayeanza kujifunza lugha ya kompyuta iitwayo C aghalabu hana kompyuta yake mwenyewe. Huazima ya rafiki, au hulipia dakika kadhaa katika saiba. Stima ikipotea, kazi hukatika. Kwa hivyo hitilafu moja inayomkalisha saa mbili humgharimu pesa na zamu ambayo huenda asiipate tena hadi wiki ijayo.

Hitilafu zinazomla mgeni muda mwingi zaidi katika C ni za aina mbili: za vielekezi, na za kupokea maandishi kutoka kwenye kibodi. Vitabu vingi huzitenga katika sura mbalimbali. Kwa hakika ni ndugu, kwani zote zahusu anwani.

Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1978 yeye na Brian Kernighan walichapisha kitabu kilichoieneza duniani. Kompyuta za wakati huo zilikuwa na kumbukumbu ndogo mno, na lugha hiyo iliundwa ili ifanye kazi upesi bila kumkagua mwandishi kila hatua. Hadi leo kiini cha mfumo wa Linux, ambao ndio msingi wa simu za Android, kimeandikwa kwa sehemu kubwa katika C. Wepesi huo una bei yake: C humwamini mwandishi hata anapokosea.

Kielekezi ni nini basi? Kumbukumbu ya kompyuta ni safu ndefu ya vyumba, na kila chumba kina nambari. Mkazi wa Mathare hahitaji maelezo marefu hapa, maana vijiji vyake vingine huitwa 3A, 3B, 4A na 4B. Kigeu cha kawaida ni chumba chenye kitu ndani. Kielekezi nacho ni chumba ambacho ndani yake mna karatasi tu, na karatasi hiyo imeandikwa anwani ya chumba kingine. Alama & huuliza "anwani yako ni ipi?" ilhali alama * huamuru "nenda kwenye anwani hiyo".

Tuchukue mfano wa programu inayouliza umri. Mwanafunzi huandika scanf("%d", umri); badala ya scanf("%d", &umri);. Kazi ya scanf ni kupokea nambari na kuipeleka chumbani, hivyo yataka anwani. Hapa imepewa kilichomo chumbani. Kama umri ulikuwa 17, kompyuta itadhani mzigo unapelekwa chumba nambari 17, eneo lisilo lake. Mara nyingi programu huanguka kwa ujumbe "Segmentation fault", yaani imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa.

Kuanguka huko ni afadhali. Balaa ni kielekezi kilichotangazwa bila kupewa anwani yoyote, kwani huwa na takataka iliyoachwa na kazi iliyotangulia. Leo programu huenda sawa, kesho huanguka, na mwanafunzi hulaumu mashine.

Aina nyingine ni kielekezi kinachoshika anwani ya chumba kisichokuwapo tena. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, nyumba nyingi zilizokuwa kandokando ya Mto Mathare zilibomolewa. Aliyeandikiwa anwani ya jamaa yake kabla ya hapo angeifuata hadi mahali patupu, au akute mtu mwingine. Ndivyo ilivyo pale tendaji inaporudisha anwani ya kigeu chake cha ndani. Tendaji ikimalizika, chumba hicho huachiliwa, nayo anwani hubaki mkononi ikiwa haina maana. Kutumia kumbukumbu baada ya kuiachilia kwa free ni kosa lilo hilo.

Sasa tuje kwenye ingizo. Programu inauliza mtaa, na mtumiaji anaandika "Mlango Kubwa". scanf yenye %s hukoma kwenye nafasi ya kwanza, ikachukua "Mlango" pekee. Neno "Kubwa" halipotei. Linasubiri foleni, na swali linalofuata hulipokea kama jibu. Iwapo swali hilo lataka nambari kwa %d, scanf hulikataa na kuliacha palepale. Ikiwa programu inazunguka kuuliza tena, itazunguka bila kikomo huku skrini ikijaa. Dawa ni kukagua kila mara scanf imerudisha nambari gani: 1 maana yake imepokea kitu kimoja, 0 maana yake imekataa. Ikikataa, hapana budi kulisafisha foleni kabla ya kuuliza tena.

Hata kile kitufe cha Enter huacha herufi isiyoonekana foleni. Ndiyo sababu swali la "ndiyo au la" linalosomwa kwa %c baada ya %d hujijibu lenyewe. Kuacha nafasi kabla ya alama, yaani " %c", hutatua hilo.

Urefu wa maandishi ndio hatari zaidi. Tuseme tumetenga char jina[8];. Wanjiku ana herufi saba, na C huongeza sifuri moja ya kuonyesha mwisho, hivyo anatosha barabara. Nyambura ana herufi nane. Sifuri yake itaandikwa katika chumba cha jirani. Programu iliyojaribiwa kwa Wanjiku peke yake itaonekana nzima.

Si kosa dogo. Tarehe 2 Novemba 1988, programu ya Robert Tappan Morris ilisambaa katika intaneti ya Marekani, na mojawapo ya njia zake ilikuwa tendaji gets, ambayo hupokea maandishi bila kuuliza chumba kina ukubwa gani. Iliondolewa katika kanuni rasmi za C mwaka 2011. Anayefundishwa gets leo anafundishwa kwa kitabu kikuukuu. Atumie fgets, ambayo hutajiwa kikomo, akikumbuka kuwa nayo huhifadhi ile alama ya Enter mwishoni.

Kuhusu kusaka hitilafu, mwenye dakika chache aanze kwa kukusanya programu kwa gcc -Wall -g. Maonyo yatakayotokea hukamata & iliyosahauliwa kabla programu haijaendeshwa. Kisha gdb itamwonyesha mstari ilipoangukia. Anayependa kuchapa ujumbe wa printf ili ajue programu imefika wapi amalizie kila ujumbe kwa \n au aite fflush(stdout). La sivyo, ujumbe waweza kukwama njiani programu inapoanguka, naye atafute kosa mahali pasipo.

Asiye na kompyuta kabisa aweza kusakinisha Termux katika simu ya Android, kisha kuongeza clang, ambayo nayo haina malipo. Baada ya kusakinishwa haihitaji intaneti, na betri ya simu huendelea hata stima ikipotea. Kibodi ya simu ni ya kuchosha, hilo halina ubishi, lakini michoro ya vyumba na anwani zake huchorwa vizuri zaidi kwa kalamu na karatasi.