Utando angavu: kinachokwaruzika kabla ya rangi

Mwenye gari wa Kasulo, mjini Kolwezi, akiona mstari mweupe mlangoni husema rangi imeharibika. Mara nyingi rangi haijaguswa. Kilichokwaruzwa ni tabaka lisilo na rangi lililolala juu yake. Mafundi wanaofanya kazi kwa Kifaransa huliita verni. Wale wa Nairobi na Dar es Salaam husema klia. Kamusi zina vanishi, lakini neno hilo humpeleka msomaji kwenye meza na vitanda vya mbao. Napendekeza tuseme utando angavu: utando, kwa kuwa ni kitu chembamba kinachofunika kingine, angavu, kwa kuwa kinapitisha mwanga.

Jina hili linahitajika kwa sababu rangi, katika Kiswahili, hubeba kazi mbili. Ni wekundu wa pilipili, na pia ni kile kilichomo koponi. Mtu akiwa na neno hilo peke yake hana namna ya kutaja kitu kinachopakwa kama rangi lakini hakina rangi. Na asichoweza kukitaja hukitibu vibaya: atanunua kopo la rangi apake mahali ambapo palihitaji kung'arishwa tu, na doa atakalobaki nalo litaonekana kwa mbali kuliko mstari wenyewe.

Tuhesabu kutoka ndani. Kiwandani bati hutiwa kwanza dawa ya fosfeti. Kisha bodi huzamishwa katika birika la rangi ya kuzuia kutu, ambayo hushikishwa kwa umeme hadi kwenye pembe zilizojificha. Hufuata praima, kisha rangi tunayoiona, na mwisho utando angavu. Yote kwa pamoja yana unene wa takriban mikroni 100 hadi 150, na mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Rangi yenyewe huchukua mikroni 15 hivi, utando angavu kama 40. Kwa hiyo mng'ao wote, na sehemu kubwa ya kinga dhidi ya jua, vimo katika utando ambao ni mwembamba kuliko unywele.

Kwa madhara yenyewe Kiswahili kina utajiri tayari. Mkwaruzo uitwe ule ulioishia ndani ya utando. Mchubuko, kama kwenye ngozi, uitwe ule uliong'oa utando ukafikia rangi, praima au bati. Pitisha ukucha: usipokwama, huo ni mkwaruzo. Lowesha mahali hapo kwa maji: mstari ukitoweka wakati pamelowa, rangi iliyo chini bado nzima.

Kasulo ina sababu yake ya kujua mikwaruzo. Mwaka 2014 mkazi mmoja alichimba kwake akakuta heterojeniti, madini yenye kobalti, na muda si mrefu mashimo yakafunguliwa nyuani na hata ndani ya nyumba. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, wakazi wakahamishwa, na uchimbaji ukawekwa chini ya Congo Dongfang Mining, kampuni tanzu ya Huayou Cobalt ya China. Udongo uliotoka chini, pamoja na vumbi jekundu la barabara zenye malori ya madini, hutua juu ya kila motokari tangu Mei hadi Septemba mvua inapokatika. Ndani ya vumbi hilo mna chembe za kwatzi, ambayo ugumu wake ni 7 katika kipimo cha Mohs, zaidi ya kioo cha dirisha. Ukilifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, unaupiga utando msasa. Ile mizunguko myembamba inayoonekana juani kwenye boneti hutokana zaidi na mkono wa msafishaji kuliko safari. Maji mengi kwanza, kitambaa baadaye.

Kuondoa mkwaruzo nyumbani kunawezekana. Osha gari, liweke kivulini hadi bati lipoe. Sugua mstari kwa msasa wa maji namba 2000, kisha 3000, mkono ukiwa mwepesi na maji yakitiririka. (Msasa hapo kale ni mti ambao majani yake makavu yalilainisha mbao, jina limehamia kwenye karatasi.) Mahali patafifia, usiogope. Ingia na dawa ya kung'arishia kwa sifongo mpaka mng'ao urudi. Hujaujaza mkwaruzo: umeshusha kingo zake. Unene ulioondoka haurudi, ndiyo maana kazi hii haifanywi kila mwezi, na kwenye mikunjo ya bodi, ambako utando huwa mwembamba zaidi, msasa usifike kabisa.

Mchubuko hudai rangi. Soma namba ya rangi kwenye kibati cha gari, paka tabaka nyembamba, acha zikauke, kisha ufunike kwa utando. Lakini magari mengi meupe ya kazi, kama yale ya Toyota yenye rangi namba 040, mara nyingi hayana utando wowote. Rangi yenyewe ndiyo inayong'aa. Jaribu dawa ya kung'arishia kwa kitambaa cheusi: kikitoka na weupe wa rangi, hakuna utando.

Kosa ninalotaka kulizuia zaidi ni kutumia rangi ya mafuta ya dukani, ile ya milango na madirisha. Hiyo hukauka kwa kunywa oksijeni ya hewa, na kinachoiharakisha ni kikausho, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa chumvi ya kobalti, chini ya asilimia 1 ya rangi. Wengi hudhani kobalti ya hapa huishia kwenye betri tu, kumbe nyingine huwa imo kwenye kopo. Hata hivyo rangi hiyo hubaki laini kwa siku nyingi, na ukipuliza juu yake utando wa gari, thina iliyomo huikunja.

Utando wa kweli wa karakana hukauka kwa njia nyingine: huchanganywa na kigumishi, na hivyo viwili hushikana vyenyewe. Kigumishi hicho kwa kawaida kina isosianati, kemikali inayoweza kumpa mpulizaji pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haiizuii. Vikopo vidogo vya kupuliza visivyo na kigumishi vinafaa nyumbani, uwanjani, watoto wakiwa mbali. Chenye kigumishi apewe fundi mwenye chumba cha kupulizia na barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira.