Neno la Wiki: Sugu
Ndani ya basi la Ifakara nilimsikia abiria akilalamika: "Mwili wangu umeshakuwa sugu, dawa hazishiki tena." Hapana, ndugu yangu. Sugu ni mtoto wa kusugua. Tazama kiganja cha mkulima wa mpunga wa Kilombero, pale mpini wa jembe unapopita kila msimu: ngozi imekakamaa. Hiyo ndiyo sugu. Kisha neno likahamia kwa mhalifu asiyesikia kifungo, na kwa maradhi yasiyoondoka. Katika tiba ya antibaiotiki, aliye sugu ni bakteria; si mgonjwa, wala si dawa. (Eti "mwili sugu", na hapa ni Ifakara, penye taasisi ya utafiti wa afya iliyoanza kama maabara ya Waswisi miaka ya 1950!) Mwili huzoea, na una kinga. Usugu tuwaachie vijidudu.

Usugu huo hupimwa: bakteria wakiingia kwenye damu, maabara huwaotesha kwanza, kisha huwajaribu kwa dawa mbalimbali, kazi ya siku kadhaa. Baadhi ya vipimo vipya hubaini usugu wao kwa saa chache. Lakini kile kipimo cha haraka cha malaria cha zahanati, cha kuchomwa kidole, hakitafuti bakteria wala usugu wao.