Vyama vya Ushirika vya Wakulima katika Uganda

Pamba ilianza kulimwa kwa biashara katika Uganda mwaka wa 1903, na kwa miaka arubaini na zaidi mkulima aliyeipanda, akaipalilia na kuichuma hakuwa na neno katika bei yake. Aliichukua mpaka kwa mnunuzi, ikapimwa kwa mizani ya mnunuzi, naye akapokea alichopewa. Viwanda vya kuchambulia pamba vilikuwa mikononi mwa wageni, Wazungu na Wahindi, na mwenye kiwanda ndiye aliyekuwa na soko.

Wakulima hawakukaa kimya. Katika mwaka wa 1913 wakulima wa Singo waliyakusanya mazao yao wakayauza pamoja, na hicho hutajwa kuwa chama cha kwanza cha namna hiyo nchini. Vingine vikafuata, lakini havikuwa na sheria ya kuvilinda. Sheria ilipopatikana, mwaka wa 1946, wengi waliiogopa, kwa kuwa ilimpa mrajisi wa serikali mamlaka makubwa juu ya mambo ya chama. Ghasia zilipozuka Buganda mwaka wa 1949, miongoni mwa madai ya watu lilikuwamo hili, waruhusiwe kuchambua pamba yao wenyewe. Sheria ikalegezwa mwaka wa 1952, na njia ya kupata viwanda ikafunguliwa. Mwaka wa 1954 wakulima wa kahawa wa Mlima Elgon wakaunda Chama Kikuu cha Bugisu, makao yake Mbale.

Taratibu za vyama hivyo ni nyepesi kueleza kuliko kuzifuata. Mkulima hulipa kiingilio na kununua hisa katika chama cha msingi cha mahali pake. Msimu ukifika hupeleka mazao, yakapimwa mbele yake, akapewa stakabadhi na malipo ya kwanza. Chama cha msingi hupeleka mzigo kwa chama kikuu, nacho huusafisha na kuuuza. Gharama zikiisha kutolewa, na sehemu ikiwekwa akiba, kinachobaki humrudia mkulima kwa kadiri ya uzito alioleta. Hayo ndiyo malipo ya pili. Katika mkutano mkuu kila mwanachama ana kura moja, mwenye shamba kubwa na mjane mwenye miche michache.

Shida yote imo kati ya malipo hayo mawili. Anayesubiri huenda ana mtoto wa kulipiwa ada ya skuli au ana mgonjwa nyumbani, na mchuuzi yupo njiani na fedha taslimu, ingawa ni chache. Mwanachama aliyemwuzia mchuuzi kwa siri hakuwa mwovu. Alikuwa na haja. Lakini kila gunia lililopotea hivyo liliongeza gharama juu ya magunia yaliyobaki, na karani akiiba au hesabu zikichelewa, hata wavumilivu hukata tamaa.

Neno lenyewe si geni kwa Waislamu, kwani limetoka katika sharika, ambayo mafakihi wameiandikia milango mizima. Hata hivyo mambo haya si mamoja. Katika sharika ya mali hasara hufuata rasilimali ya kila mshirika; katika ushirika wa wakulima ziada hufuata mazao. Na palipo na malipo juu ya hisa, yaliyokatwa tangu mwanzo bila kujali faida, hapo pana swali la riba, na Mwislamu ana haki ya kuliuliza katika mkutano mkuu, kwa ile kura yake moja.

Serikali ilipoifungua biashara ya kahawa mwaka wa 1991, wanunuzi walifika mpaka mlangoni kwa mkulima na fedha mkononi. Vyama vingi vilivyolemewa na madeni havikuweza kushindana nao, na Benki ya Ushirika ikafungwa mwaka wa 1999. Chama cha Bugisu hakikuvunjika. Mkulima wa Elgon akawa na khiyari ambayo babu yake hakuwa nayo: kuuza leo kwa mchuuzi, au kupeleka gunia chamani na kungoja.