Jinsi tulivyokwepa matangazo kabla ya rimoti

Juma lililopita nilikesha nikiandika programu ndogo ya kukata matangazo ya biashara kwenye vipindi ninavyorekodi. King'amuzi changu kina tundu la flashi, kinahifadhi kipindi kama faili, na faili ni kitu ninachokielewa. Ilikuwa saa nane usiku nilipokumbuka kwamba kazi hii nimewahi kuifanya. Mwaka 2004, nikiwa na miaka saba, programu ilikuwa mimi mwenyewe.

Guka wangu aliishi Kiritiri, upande wa Mbeere huko Embu. Alikuwa na runinga ya Greatwall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, iliyotumia betri ya gari. Mto Tana hauko mbali, na mabwawa yake yalikuwepo zamani: Kindaruma tangu 1968, Gitaru 1978, Kiambere 1988. Umeme ulipita juu kwa juu ukienda Nairobi. Sisi tuliokaa karibu na bwawa tulifunga betri kwenye baiskeli tukaipeleka sokoni kuchajiwa.

Sasa tupige hesabu kidogo. Runinga kama ile inakula takriban ampea 1.5 kwa volti 12. Betri ya gari ya ampea-saa 50 haifai kumalizwa kabisa, ukifika nusu inaanza kuharibika. Kwa hivyo una kama saa 16 za kutazama. Tuseme kila saa ina dakika 10 za matangazo. Hiyo ni sehemu moja ya sita. Kwa maneno mengine, katika kila safari sita za kwenda sokoni na ile betri, moja tuliibeba kwa ajili ya sabuni na mafuta ya kupikia.

Guka hakusoma elektroniki lakini hesabu hiyo aliijua. Tangazo la kwanza likianza, anazima runinga, anasema, "Hesabu." Ninahesabu gizani hadi 170, anawasha, na zile sekunde chache za skrini kupata moto zinatufikisha kwenye 180, yaani dakika tatu. Nikihesabu haraka tunawasha katikati ya sabuni. Nikihesabu polepole tunakosa mwanzo wa Vitimbi, na hapo lawama zote ni zangu. Kwa lugha ya kompyuta, aina hizo mbili za makosa hazina uzito sawa: kuona tangazo ni hasara ndogo, kumkosa Mzee Ojwang ni hasara kubwa. Nilijifunza haraka kuhesabu upande salama.

Wengine duniani walikuwa na njia rahisi zaidi. Marekani, mkuu wa kampuni ya Zenith, Eugene McDonald, aliyachukia matangazo, na wahandisi wake wakamtengenezea rimoti. Ya 1950 ilikuwa na waya. Ya 1955, kazi ya Eugene Polley, ilikuwa tochi: unamulika pembe ya runinga na sauti ya tangazo inakatika. Mwaka 1975 Sony ikaleta Betamax, ukaweza kurekodi na kupeleka mbele.

Lakini rimoti ingetusaidia nini? Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, ikawa Sauti ya Kenya (VoK), kisha KBC mwaka 1989. KTN ilipokuja mwaka 1990, ilianzia Nairobi. Kule kwa guka, kituo kilichoonekana bila chenga kilikuwa KBC pekee. Ukiwa na kituo kimoja huna pa kuhamia.

Na hapa ndipo pana jambo la kufikiria. Guka hakuwahi kuzima katikati ya Vitimbi wala Vioja Mahakamani, hata betri ikiwa imechoka na picha imesinyaa pembeni. Filamu za kigeni alizizima bila huruma. Kila kipindi alikipima kwa swali moja tu: kinafaa safari ya sokoni au hakifai?

Miaka hiyohiyo, upande wa mama, Nkubu huko Meru, vijana walikuwa na jibu jingine: kibanda cha video. Unalipa shilingi chache, unaketi kwenye ubao, unatazama filamu mwanzo hadi mwisho bila tangazo hata moja, DJ Afro akikusimulia juu yake. Bila kujua, walikuwa wakilipia burudani moja kwa moja, jambo ambalo McDonald alilijaribu Chicago mwaka 1951.

Baadaye stesheni za Nairobi zilienea mashambani, rimoti ikapata kazi. Halafu ukaja mwaka 2015, mitambo ya analogi ikazimwa, na katika mvutano huo Citizen, NTV na KTN zikatoweka hewani karibu wiki tatu, Februari hadi Machi. Watu wakanunua ving'amuzi, na vingi vina lile tundu la kurekodi.

Turudi kwenye programu yangu. Mbinu si mpya. MythTV, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2002, ilikuwa na baadhi yake. Unatafuta picha nyeusi kabisa kati ya tangazo na tangazo. Unasikiliza ukimya wa ghafla. Unaangalia kama nembo ya stesheni imetoweka pembeni. Unapima urefu, kwa sababu tangazo hupenda kuwa sekunde 15, 30 au 60. Unajumlisha alama, zikizidi kiwango unakata.

Kwenye taarifa ya habari ilifanya kazi vizuri. Kwenye vipindi vingine ilishindwa, na sababu ilinisikitisha. Picha ya kipindi inasinyaa na tangazo linajipenyeza kando na chini. Mtangazaji anasifu unga katikati ya mahojiano. Hakuna picha nyeusi wala ukimya wa kushika. Tulipojifunza kulikimbia tangazo, lilihamia ndani ya kipindi, na kipindi ndicho kilichoharibika.

Kisha nikaijaribu kwenye kipindi cha Kimeru nilichorekodi kutoka Weru TV. Ilikata matangazo sawasawa. Nikampelekea mama flashi, nikitarajia sifa. Akaniuliza, "Na yule wa mbegu amekwenda wapi?" Alitaka kujua bei ya mbegu. Lile tangazo lilikuwa kwa lugha yake, la duka analoweza kulifikia kwa matatu moja.

Nilikaa na hilo swali. Vituo vya Kimeru kama Weru na Baite havina pesa za Nairobi. Duka la mbegu likiondoka, anayebaki kulipia kipindi cha Kimeru ni nani? Vitimbi ilifaa safari ya sokoni, lakini safari ile ililipa aliyechaji betri, si waigizaji.

Kwa hivyo nimeongeza mstari mmoja kwenye programu: orodha ya stesheni zisizokatwa. Kwa sasa zipo mbili.

Nanyi wadau, kwenu mlihesabu hadi ngapi?